Wana ndege maelfu, mbona hawamalizi kazi kwa wiki moja?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Kila taifa kubwa linapotishia kuipiga nchi fulani, rafiki zangu hugawanyika pande mbili. Wa kwanza husema mwenye nguvu mpishe: nchi yenye meli 11 za kubeba ndege za kivita ikiamua, nchi ya ukubwa wa kati haifiki Jumapili. Wa pili husema nchi ikishanunua makombora ya Kirusi ya kudungua ndege, haiguswi tena. Nani yuko sahihi? Na mtu wa kawaida atajuaje kama ni vitisho vya mdomo au maandalizi ya kweli?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Rafiki zako wote wanahesabu silaha, ndiyo maana ubishi wao hauishi. Taifa kubwa karibu kila mara linaweza kupiga pigo la kwanza, tena likauma. Kazi ngumu inaanza siku ya tatu, ya kumi, ya arobaini, pale inapobidi kujua ulichopiga ni nini hasa, kujaza tena ulichofyatua, na kuamua unataka adui afanye nini ili uache.

Tuanze na hizo meli 11, ambazo ni za Marekani. Wakati wowote ule, baadhi yake ziko gatini zinafumuliwa na kutengenezwa, nyingine ziko mazoezini na mabaharia wapya, na zinazobaki tayari kwa vita ni tatu au nne hivi, zikigawana bahari zote za dunia. Meli ikiingia kubadilishiwa fueli ya nyuklia, hukaa miaka kadhaa. Na hiyo inayofika haisogelei pwani ovyo. Kadiri makombora ya mwenye nchi yanavyofika mbali, ndivyo meli inavyokaa mbali, na ndege yake iliyobeba mabomu haiwezi kwenda na kurudi bila kujazwa mafuta angani.

Ndege ya kujaza mafuta ni kubwa, ni nzito, haina pa kujificha, na inahitaji njia ndefu ya kurukia. Njia hiyo iko katika nchi ya mtu mwingine. Hapa ndipo mipango mingi mizuri inapokwama, na wachambuzi wa televisheni wanapita haraka kwa sababu hakuna cha kuonyesha kwenye skrini.

Aprili 1986 Marekani ilipoamua kuipiga Libya, ndege zake za F-111 zilikuwa Uingereza. Njia fupi ni kupita juu ya Ufaransa na kuingia Mediterania. Ufaransa ikakataa, Hispania nayo ikakataa. Marubani wakaizunguka rasi yote ya Hispania na Ureno, wakaingilia Gibraltar, wakajazwa mafuta angani mara kadhaa, wakakaa kwenye viti vyao saa 13 hivi kwenda na kurudi, kwa shambulio lililodumu dakika chache tu. Libya ya wakati ule haikuwa hata nchi ya kutisha sana kwa ulinzi.

Tarehe 1 Machi 2003 bunge la Uturuki lilipiga kura kama wanajeshi wa Marekani wapite kwenda kufungua uwanja wa vita kaskazini mwa Iraq. Waliosema ndiyo walikuwa 264, waliosema hapana 250, na 19 wakajizuia. Kwa sababu ya hao 19, wingi uliotakiwa haukufikiwa. Vifaa vya Divisheni ya 4 ya Jeshi la Miguu vilikuwa tayari ndani ya meli, zimetia nanga nje ya pwani ya Uturuki zikisubiri ruhusa. Ikabidi meli hizo zizungushwe kupitia Suez hadi Kuwait, na vita vikaanza bila divisheni ile.

Jirani anakataa kwa sababu analiona pigo la kujibu likimwangukia yeye. Septemba 2019 droni na makombora yalipiga mitambo ya Abqaiq, na Saudi Arabia ikapoteza kwa muda karibu nusu ya uzalishaji wake wa mafuta. Tangu siku ile kila mtawala wa Ghuba anajua kambi ya kigeni kwenye ardhi yake ni ngao na ni shabaha kwa pamoja. Mimi nikisoma habari za vita vinavyonukia, majirani ndio ninaowaangalia kwanza. Silaha naziangalia baadaye.

Sasa twende kwa rafiki zako wa pili. Juni 1982 Syria ilikuwa na betri 19, yaani vikosi vya mitambo ya kudungua ndege, za makombora ya Kisovieti katika Bonde la Bekaa, Lebanon. Zilikuwa zimekaa palepale muda mrefu. Israel ikazipiga picha, ikajifunza mawimbi ya rada zake, kisha tarehe 9 ikatanguliza droni ili wahudumu wawashe rada wakidhani ni ndege zenye marubani. Ndani ya saa chache karibu betri zote zilikuwa zimeharibiwa. Mtambo unaokaa mahali pamoja unasubiri zamu yake tu, hata ungekuwa wa bei gani.

Linganisha na Yugoslavia mwaka 1999, ilipopigwa na NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi. Zoltán Dani alikuwa kamanda wa betri ya S-125, mtambo ulioingia kazini mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa hesabu ya karatasi ulikuwa chuma chakavu. Dani aliwazoesha watu wake kuufungasha na kuhama haraka, na kutoiacha rada ya kuongozea kombora ikiwaka zaidi ya sekunde 20 hivi. Shabaha isipopatikana, inazimwa na safari inaanza. Kwa kutafuta ndege alitumia rada ya zamani ya mawimbi marefu, ambayo umbo la ndege za kujificha halikubuniwa hasa kuihadaa. NATO nayo ilimsaidia bila kukusudia, kwa kupitisha ndege njia zilezile usiku baada ya usiku. Machi 27 ndege ya F-117, iliyosifiwa kuwa haionekani, ikaanguka karibu na kijiji cha Budjanovci.

Watu huishia kwenye hiyo F-117 kwa sababu ni hadithi tamu, lakini ndege moja kati ya safari makumi elfu haigeuzi vita. Lililoitesa NATO zaidi ni kwamba ulinzi ule haukuisha. Yalirushwa mamia ya makombora ya kusaka rada, na hadi vita vinakwisha baada ya siku 78 bado kulikuwa na betri zinazohamahama ambazo hakuna aliyejua zitawaka lini. Kwa hiyo ndege zikalazimika kukaa juu, kwa sehemu kubwa ya vita zaidi ya mita 4,500. Kutoka huko kifaru cha mbao cha kudanganyia na kifaru cha chuma vinafanana, na trekta lililobeba wakimbizi linaweza kufanana na lori la jeshi. Tarehe 14 Aprili msafara wa wakimbizi ulipigwa karibu na Djakovica namna hiyohiyo. Ulinzi wa anga unaweza kumaliza vita nzima bila kudungua ndege nyingi na bado ukawa umefanya kazi yake: kumsukuma mshambuliaji juu, kumlazimisha kuongeza ndege za kusindikiza na za kuvuruga rada, kumfanya abomoe mbao kwa mabomu ya bei mbaya.

Urusi ilikutana na jambo hilo Februari 2022. Ukraine ilihamisha sehemu kubwa ya mitambo yake ya kukinga anga saa chache kabla ya shambulio, na makombora mengi ya siku ya kwanza yakapiga mahali palipokuwa na mtambo jana yake. Jeshi la anga lililoonekana kwenye karatasi kuwa kubwa mara nyingi halikupata uhuru wa kuruka juu ya nchi ile.

Taifa kubwa pia lina urasimu wake, na urasimu huo unaua watu. Desemba 1972, Marekani ilipoanza kuishambulia Hanoi kwa B-52, mipango ilitoka makao makuu ya ndege hizo Omaha, Nebraska, upande wa pili wa dunia. Usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu ndege zilikuja kwa njia ileile, kimo kilekile, na baada ya kuangusha mabomu zikakata kona mahali palepale zikiuelekea upepo mkali. Wavietnam wakaelewa. Usiku wa tatu peke yake B-52 6 zilipotea. Marubani walilalamika, mipango ikabadilishwa, na kampeni ikamalizika siku ya 11 ikiwa imekula B-52 15. Hanoi nayo kufikia mwisho ilikuwa inakaribia kuishiwa makombora. Hili la kuishiwa lishike, tutalirudia.

Baharini hali ni mbaya zaidi, kwa sababu silaha ya mnyonge ni rahisi mno. Aprili 14, 1988 manowari ya Marekani iitwayo Samuel B. Roberts iligonga bomu la kutegwa majini katika Ghuba ya Uajemi. Bomu lenyewe lilikuwa la usanifu wa 1908, la thamani ya dola elfu chache. Lilitoboa tundu la karibu mita tano, likavunja uti wa meli, na mabaharia wakawa wanafunga nyaya za chuma kushikilia sehemu ya juu isiachane. Ilinusurika, ikarudishwa kwao ikiwa imebebwa juu ya meli nyingine, na matengenezo yakagharimu karibu dola milioni 90. Siku nne baadaye Marekani ililipiza na kuharibu sehemu kubwa ya manowari za Iran kwa siku moja. Sitaki uondoke hapa ukidhani taifa kubwa halina meno. Ila mwaka 1991, likiwa na ushindi mkononi dhidi ya Iraq, mabomu ya namna hiyo yaliziharibu meli zake mbili ndani ya saa chache, tarehe 18 Februari, na wanamaji waliokusanywa kwa ajili ya kushuka pwani ya Kuwait hawakushuka kamwe.

Kuna zoezi moja la kijeshi ambalo kila mwanafunzi wa fani hii hulisoma. Mwaka 2002 Marekani ilifanya mchezo mkubwa wa vita, na jenerali mstaafu Paul Van Riper akapewa kucheza upande wa adui wa Ghuba. Alijua redio zake zitasikilizwa, kwa hiyo akatuma ujumbe kwa waendesha pikipiki na kurusha ndege kwa ishara za taa. Kisha akaufurika msafara wa meli kwa makombora na boti ndogo kwa wakati mmoja, mengi kuliko ambayo mitambo ya meli ingeweza kushughulikia. Kwenye hesabu ya mchezo, meli 16 zikazama. Wasimamizi wakaamuru zielee tena na mchezo uendelee. Van Riper akajitoa. Watetezi wa zoezi husema lilikuwa na mambo mengine ya kujaribu na halikuweza kuishia siku ya kwanza, na wana hoja. Lakini meli za kweli hazielei tena kwa amri.

Nilisema tutarudi kwenye kuishiwa. Kwa maoni yangu hili ndilo tatizo kubwa kuliko yote katika vita vya sasa, na wiki moja ya rafiki zako inavunjikia hapa. Manowari ya kisasa ya Marekani ya aina ya Arleigh Burke ina mashimo 90 au 96 ya kurushia makombora. Ndani ya mashimo hayo hayohayo wanagawana makombora ya kushambulia nchi kavu, ya kuzuia ndege, na ya kuzuia makombora. Ukijaza mengi ya kushambulia, umepunguza ngao. Yakiisha, hayajazwi baharini kama bunduki inavyojazwa risasi. Jaribio la kufanya hivyo lilifanyika mwaka 2024, lakini utaratibu wa kawaida bado ni kwenda bandarini penye kreni na maji tulivu, safari ya siku nyingi kwenda na nyingine kurudi. Muda wote huo meli ile haipo vitani.

Wahouthi wa Yemen walilionyesha hili kuanzia mwishoni mwa 2023. Droni ya dola elfu kadhaa ilizuiwa kwa kombora la dola milioni 2 hivi, mara kwa mara. Machi hadi Mei 2025 Marekani iliwapiga kwa wiki saba, ikapoteza droni zake kadhaa, na ndege mbili za kivita zikaishia baharini kutoka meli moja bila hata kudunguliwa: ya kwanza iliteleza ikaanguka meli ilipokata kona kali, ya pili ilishindwa kusimama ilipotua. Kisha yakaja makubaliano. Wale hawakuwa dola lenye jeshi kamili. Walikuwa kundi linaloshikilia sehemu ya nchi maskini.

Na fedha si kikwazo cha kwanza. Unaweza kuwa nazo na usipate cha kununua. Kombora moja la mfumo wa Marekani wa kuzuia makombora uitwao THAAD lina bei inayozidi dola milioni 12, na hadi 2025 uwezo wa kiwanda haukuzidi 100 kwa mwaka. Katika siku 12 za vita vya Israel na Iran, Juni 2025, ripoti za magazeti ya Marekani zilitaja zaidi ya 100 kuwa zilitumika. Jenerali anayepanga vita na nchi moja anajua kuwa kila kombora analofyatua limeondolewa kwenye akiba ya kumzuia adui mwingine, mkubwa zaidi, anayeangalia na kuhesabu.

Najua utaniuliza: kama ni vigumu hivyo, mbona Juni hiyohiyo ndege 7 za mabomu za Marekani aina ya B-2 ziliruka kutoka Missouri, zikaangusha mabomu 14 makubwa kuliko yote ya kupasua miamba kwenye mitambo ya nyuklia ya Iran huko Fordow na Natanz, zikarudi nyumbani salama? Swali zuri. Israel ilikuwa imeshafanya kazi chafu ya kuvunja ulinzi wa anga kwa siku zaidi ya nane. Pia lengo lilikuwa dogo: piga mahali pachache, ondoka. Kwa lengo dogo, taifa kubwa hufanya maajabu. Sasa tazama kilichofuata. Iran ilikuwa na zaidi ya kilo 400 za urani iliyorutubishwa kwa asilimia 60, na baada ya mabomu wakaguzi wa kimataifa hawakuweza kuthibitisha iko wapi. Mlima ulipigwa, lakini swali lililoupeleka ule mzigo wa mabomu likabaki bila jibu.

Ukitaka jibu kamili, unapaswa kwenda kwa miguu, na hapo hesabu inatisha. Wapangaji wa vita hutumia kipimo cha takriban wanajeshi 20 kwa kila wakazi 1,000 ili kuituliza nchi iliyovamiwa. Nchi ya watu milioni 90, kama Iran, inadai wanajeshi milioni 1.8. Wanajeshi wote wa Marekani walio kazini, kuanzia wapishi wa nyambizi hadi walinzi wa Alaska, ni milioni 1.3 hivi. Iraq ilianguka kwa wiki tatu mwaka 2003, kweli, lakini ilikuwa imedhoofishwa kwa miaka 12 ya vikwazo na ndege za kigeni kudhibiti sehemu kubwa ya anga lake, na kuanguka kwa Baghdad ndiko kulikofungua miaka ya umwagaji damu. Iran ina eneo karibu mara nne ya Iraq, na milima ya Zagros mlangoni.

Bomu la nyuklia sitalijadili sana. Halitumiki kumlazimisha mtu afungue bandari au akubali mkataba, na kila aliye nalo anajua.

Kwa hiyo rafiki zako wa kwanza wamekosea kuhusu Jumapili, na wa pili wamekosea kuhusu kutoguswa. Nchi iliyojiandaa vizuri itaguswa, itaungua, na huenda ikapoteza karibu kila pambano. Inachotafuta ni kubaki imesimama siku ambayo mwenye nguvu anaanza kuuliza akiba yake imebaki ngapi.

Kuhusu kutofautisha maneno na maandalizi: usidanganywe na meli moja kubwa iliyopigwa picha ikikatiza mlango-bahari, hiyo mara nyingi imetumwa ipigwe picha. Mwaka 1990, kabla ya kuipiga Iraq, Marekani ilichukua miezi mitano na nusu kukusanya zaidi ya wanajeshi 500,000. Maandalizi ya kweli yana uzito na yanachosha kuyaangalia. Tazama ndege za kujaza mafuta zikivuka bahari kwa makumi, kwa sababu hizo hazipelekwi kwa maonyesho. Tazama betri za kuzuia makombora zikihamishwa kutoka eneo jingine la dunia, maana kuna mkubwa ameamua kubaki wazi huko. Tazama familia za wanajeshi na wafanyakazi wa balozi wakiondolewa kambi za karibu, na bima ya meli za mafuta ikipanda. Halafu sikiliza majirani: yule aliyekuwa akitangaza kila siku kwamba anga lake halitatumika, akinyamaza ghafla, hapo ndipo uanze kufuatilia habari usiku.